Pikipiki ya Koki Mdogo

Iliwaka. Hapo ndipo pa kucheka au kulia, chagua mwenyewe: kila alfajiri ile pikipiki iliwaka. Ingekuwa imekufa moja kwa moja, mwenyewe angejua moja, angeisukuma pembeni na kuisahau. Lakini hii ilikuwa na hila. Koki Mdogo alivuta choki, akapiga kiki mara moja tu, nayo ikaitika kwa adabu zote, ikajaza sebule kwa ngurumo ndogo tamu. Akavaa koti. Akafunga ubavuni ule ufunguo wake mrefu wa chuma, wa kufungulia maji. Akaanza kuisukuma kuelekea mlangoni, na kabla gurudumu la mbele halijavuka kizingiti, ngurumo ikakohoa, ikashuka, ikapanda kidogo kama inayomcheka, ikazima.

"Tena?" mkewe akauliza kutoka chumbani.

"Mama Pacha, tafadhali. Usiseme neno."

Akapiga kiki. Akapiga tena. Akarudisha choki, akaivuta, akaitikisa pikipiki akasikia petroli ikicheza kwenye tangi, tele, wala si shida ya mafuta. Akapiga kiki mpaka jasho jembamba likamtoka na goti lake bovu likaanza kulia. Kwenye godoro lililokuwa chini ya dirisha, baba yake akainua kichwa.

"Umefungua?" mzee akauliza.

"Ndiyo naenda kufungua, baba. Lala."

Akaiacha pikipiki hapo hapo, akatoka mbio kwa miguu, ufunguo ukimgonga pajani.

Sasa lazima nieleze, maana mtu asiyewajua atadhani ni wendawazimu. Kazi ya huyu bwana ilikuwa kufungua na kufunga maji. Barabarani kuna mifuniko ya chuma ambayo watu huikanyaga bila kujua kilichomo. Chini yake kuna chemba, na ndani ya chemba kuna koki kubwa inayoamua mtaa upi upate maji na mtaa upi usubiri. Yeye ndiye aliyezizungusha. Na kabla yake alizizungusha baba yake, tangu ujana mpaka mgongo ulipokataa. Watu walimwita mzee Koki, basi, bila bwana wala nini. Mtoto alipochukua ule ufunguo, baba akawa Koki Mkubwa na mwana akawa Koki Mdogo, na mpaka leo ukiuliza jina lake la kuzaliwa utaambiwa hakuna mtu kama huyo.

Nyumba nayo ilikuwa ya kazi. Vyumba viwili na sebule, kwenye safu ya nyumba za kampuni ya maji, zote za rangi moja na zote zinavuja bati mahali pale pale. Mwenye ufunguo ndiye mwenye nyumba. Ukirudisha ufunguo, unarudisha na nyumba. Koki Mkubwa alimleta mke wake humo, akazalia humo, akafiwa humo. Na sasa kwa kuwa akili yake ilikuwa imeanza kuvuja kama hilo bati, nyumba ile ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha yeye ni nani. Mama Pacha, mkwewe, mzee alimwita kwa jina la marehemu mkewe. Wale wajukuu pacha aliwaona kama mtoto mmoja mwenye mbio sana. Lakini akiweka kiganja ukutani, alifika chooni bila kuuliza, akarudi, akajifunika. Walijaribu siku moja kumpeleka kwa binti yake apumzike. Jamani! Hakuuona mlango. Alizunguka chumba cha watu akipapasa kuta zisizo zake, akajikojolea, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Waliporudi naye nyumbani aliushika ukuta wa sebule akaubusu. Tangu siku hiyo Koki Mdogo alijiapiza kwamba baba yake hatatoka humo ila kwa kubebwa.

Ndiyo maana ile pikipiki ilimtia kiwewe. Si pikipiki, ni nyumba.

Zamani alikuwa na mitaa ya karibu, anakwenda kwa miguu akipiga mluzi. Kisha wakampa mtaa wa juu. Njia ni ndefu, mlima mtupu, na pampu husukuma maji alfajiri kwa muda mfupi. Koki isipofunguliwa kwa wakati, maji yanageukia kwingine na mtaa mzima unabaki na ndoo kavu. Huko juu kuna zahanati ya wajawazito. Mara ya kwanza alipochelewa, wakunga walimsubiri na mabeseni mkononi, na maneno waliyomwambia siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima.

Shemeji yake akamhurumia. Yeye alikuwa amenunua pikipiki ndogo, akaiendesha mara chache, kisha akapata safari ya kikazi. "Chukua uitumie," alisema. "Bado ina nailoni ya dukani kwenye kiti. Usiitoe, nikirudi nataka kuiona hivyo hivyo." Akamwonyesha kila kitu pale sebuleni, kwa kuwa nje ingeibiwa na humo ndani ndimo ingelala. Hii breki, hii gia, hii choki, vuta asubuhi ikiwa na baridi. Kisha akainama chini ya tangi. "Na hii hapa ndiyo koki ya petroli. Hii usiiguse. Iache wazi siku zote."

Koki Mkubwa, aliyekuwa amekaa kimya na kikombe chake cha chai, alishtuka. "Wazi? Usiku kucha?"

Wote wakacheka, hata pacha. Shemeji akampigapiga mzee bega, "Hii si ya maji, baba," na mazungumzo yakaendelea.

Basi alfajiri zikawa hivyo. Pikipiki inawaka, inanguruma kidogo, inazima, haiwaki tena. Koki Mdogo anakimbia. Akirudi mchana, akipiga kiki kwa hasira tu, inawaka na haizimi! Inanguruma pale ilipo utadhani inamuuliza, kwani kuna nini?

Akamleta fundi. Fundi huyu watu walimwita Mzima Kabisa, kwa sababu hakuna chombo alichokirudisha bila kusema hivyo, hata vile vilivyofia njiani kabla mwenyewe hajafika kwake. Alikuja mchana, maana mafundi na alfajiri hawajuani. Akachuchumaa, akanusa.

"Umefungua koki?" akauliza.

Loh! Koki Mdogo alihisi ametukanwa. "Mimi? Mimi ndiye unaniuliza habari za koki? Mtaa mzima unaoga kwa mkono huu!"

"Basi basi, usinile," fundi akasema. Hata hivyo aliinama akaitazama. Ilikuwa wazi. Akapiga kiki, pikipiki ikawaka. Wakaisikiliza wote wawili, hata chai ikapoa, haikuzima. Fundi akafungua kabureta akaisafisha, akazungusha skrubu ya ile ngurumo ndogo ili isishuke sana ikiwa imesimama, akaweka plagi nyingine. "Mzima kabisa," akasema. "Lakini hizi ndogo zinachukia baridi. Asubuhi injini imelala. Ifunike."

Ifunike na nini? Ndani ya nyumba ile hapakuwa na blanketi la ziada, ila moja. Koki Mkubwa alijifunika mawili, maana uzee nao una baridi yake. Jioni ile Koki Mdogo alisimama kando ya godoro la baba yake muda mrefu. Kisha akainama, akavuta lile la juu, zito, akaifunika pikipiki nalo mpaka chini kwenye injini, akalikunja pembeni vizuri.

"Wewe," Mama Pacha akasema taratibu, "hiyo ni pikipiki."

"Hiyo ni nyumba," akajibu. "Ikikataa, mzee atalala wapi na hayo mablanketi yake mawili?"

Mkewe alimfunika mzee kwa kanga zake mbili, akaenda kulala.

Alfajiri pikipiki ikawaka, na mlangoni ikazima.

Siku hiyo alifika huko juu anahema kama mbwa, akamkuta msimamizi wake amesimama kando ya chemba, mikono nyuma. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, mtu ungemchukia ukapona. "Nisikilize," alisema. "Leo nimemeza. Nimemeza kwa heshima ya mzee wako. Ukichelewa mara nyingine, ufunguo unarudi kwangu, na nyumba inakwenda kwa atakayeushika. Sitaki kusikia pikipiki tena. Wakunga hawanawi kwa pikipiki."

Koki Mdogo akapiga moyo konde. Akaamua kwenda kwa miguu, giza bado limetanda, saa ambazo hata waendesha pikipiki za abiria hawajageuka kitandani. Aliweza kwa siku kadhaa. Kisha goti likavimba likawa kubwa kuliko paja, na jioni moja akashindwa hata kupanda ngazi ya mlangoni. Mkewe alimshika kwapa, akamwingiza ndani.

"Mwombe msimamizi akupe mitaa ya chini," mkewe alisema akimkanda kwa maji moto.

"Nimeomba."

"Akasemaje?"

"Akasema mitaa ya chini ina wenyewe."

Ikabaki pikipiki. Akairudia mchana wa siku ya mapumziko kama mtu anayerudi kwa mke aliyemkimbia. Akaiosha, akaipangusa, akaibembeleza kwa maneno ambayo Mama Pacha alidai hajawahi kuambiwa yeye. Iliwaka, ikanguruma muda wote bila kukohoa. Mzee alikuwa akizunguka uani kama kawaida yake, akigusa bomba la nje, akigusa bomba la jikoni. Kila asubuhi baada ya chai aliyagusa, na kila jioni aliyagusa tena. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa amebaki nayo duniani, na hakuna aliyemzuia.

"Mzee anaipenda hiyo pikipiki yako," mkewe alisema. "Kila siku lazima aishike shike."

"Awe na bahati nayo kuliko mimi," Koki Mdogo akajibu, wala hakugeuza kichwa.

Naye msomaji ameshajua, najua. Mimi mwenyewe ningekuwepo ningepiga kelele. Lakini mtu akiwa na hofu hatazami chini ya pua yake, na mtu wa koki ndiye wa mwisho kudhani kwamba koki itamwangusha. Alikuwa ameshaitazama mchana, fundi alikuwa ameshaitazama mchana, ilikuwa wazi. Yamekwisha.

Alfajiri iliyofuata aliamka mapema. Akafunua blanketi, akaweka mkono juu ya injini. Haikuwa na baridi sana. Akamwomba Mungu, kwa sauti, bila aibu. Akavuta choki, akapiga kiki. Ikawaka. Safari hii hakuisukuma haraka. Aliiacha ingurume, akasimama kando yake amekunja ngumi, akihesabu pumzi zake mwenyewe. Akaanza kuamini. Akairudisha choki, ngurumo ikatulia vizuri. Akasema moyoni, leo, leo ndiyo leo.

Ikakohoa.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana, nakuomba."

Ikazima.

Alipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Akapiga kwa mguu wa lile goti bovu, akapiga akilia, machozi yakamwagikia ile nailoni ya kiti tap, tap. Nje anga likaanza kuwa kijivu, na kijivu hicho kilimaanisha pampu imeshaanza. Akaupiga teke ubavu wa pikipiki, ikayumba ikaegemea ukuta. Pacha wakaamka wakaanza kulia. Mama Pacha akaja mlangoni akasimama, mkono mdomoni.

"Umefungua?" sauti ikatoka kwenye godoro.

Na hapo Koki Mdogo akapasuka. "Nimefungua nini, baba! Nimefungua nini? Kila siku umefungua, umefungua! Nyumba inatutoka, unasikia? Tunafukuzwa! Sina miguu, sina pikipiki, sina kazi, na wewe hapo, umefungua, umefungua!"

Hakuwahi kumpandishia sauti baba yake, tangu azaliwe. Watoto wakaacha kulia.

Mzee aliinuka. Ilimchukua muda. Akaweka kiganja ukutani, akaufuata ukuta mpaka akaifikia pikipiki, akainama kwa kugumia, mkono mmoja kiunoni. Hakupapasa. Mkono wa pili ulikwenda moja kwa moja chini ya tangi, vidole viwili na gumba, vile vile alivyokuwa akimfundisha mwanawe zamani kwamba koki haishikwi kwa ngumi.

"Hujafungua," akasema. "Ndiyo maana haiji."

Akaizungusha polepole. "Usifungue ghafla. Ukifungua ghafla mabomba yanapasuka." Akasikiliza, kichwa upande, mpaka akaridhika. "Niliifunga mwenyewe jioni. Wale watu wako waliiacha wazi. Usiku kucha! Watu wangeamka hawana kitu." Akamtazama mwanawe kwa macho ya huruma. "Wewe ni msahaulifu sana siku hizi. Nakufungia kila jioni. Na asubuhi ukiondoka bila kufungua, nafungua mimi baada ya chai, watu wasilalamike."

Koki Mdogo alikuwa anataka kucheka na anataka kufa. Mama Pacha ndiye aliyemsukuma. "Nenda! Nenda sasa!"

Akapiga kiki. Ikawaka, na haikuzima. Ilipanda mlima wote bila hata kukohoa, nailoni ikipiga kelele kwa upepo chini yake. Ndipo alipoona jinsi ilivyokuwa pikipiki nzuri. Ilikuwa nzuri siku zote.

Alipofika, chemba ilikuwa wazi, maji yakinguruma ndani ya bomba. Kijana wa mitaa ya chini alikuwa akiinua ufunguo wake kutoka shimoni. Msimamizi alikuwa kando yake, mikono nyuma.

"Sikiliza mkuu, nimejua tatizo," Koki Mdogo akaanza kabla hata hajashuka. "Nimelijua leo hii. Ni baba. Baba alikuwa anafunga koki ya petroli jioni, kwa kusahau, akidhani ni ya maji. Asubuhi inawaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, yakiisha inazima. Kumbe ni hivyo tu! Haitatokea tena, haki ya Mungu haitatokea tena."

Uso wa msimamizi ukabadilika, na si kwa namna aliyoitarajia.

"Koki Mkubwa?" akasema. "Koki Mkubwa afunge koki isiyostahili kufungwa? Yule mzee ndiye aliyenifundisha kazi hii. Hakuwahi kukosea koki hata moja, gizani, kwenye mvua, akiwa na homa. Hakuwahi kuchelewa." "Ungesema goti. Ungesema umelala. Ningekufikiria. Lakini umsingizie baba yako mzazi, na hawezi hata kujitetea?"

"Mkuu, si kumsingizia, njoo nyumbani umuulize..."

"Nimuulize mzee nini? Nimfedheheshe?" Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Akautoa ubavuni. Ulikuwa umelika pale katikati, mahali ambapo baba yake aliushika miaka yote, na juu kidogo ya hapo palikuwa pameanza kulika kwake. Kijana wa mitaa ya chini alitazama pembeni. Akaambiwa kwamba nyumba waitoe mwisho wa mwezi.

Alirudi akiendesha polepole. Mama Pacha alimwona ubavu mtupu.

"Kwa nini hukuwaambia kuhusu mzee?" hatimaye akasema.

"Niliwaambia."

Mkewe akaketi, akaweka mikono mapajani, akakaa hivyo mpaka watoto walipokuja kudai chakula. "Na yeye nani atamwambia?" akauliza.

"Sijui. Usimwambie leo."

Jioni ilipoingia, Koki Mkubwa akaanza mzunguko wake. Akafunga bomba la nje. Akafunga bomba la jikoni, akaweka kidole chini yake kuhakikisha halidondoshi. Kisha akaweka kiganja ukutani, akaufuata mpaka kwenye pikipiki, akasimama. Lile blanketi lilikuwa limefunika mpaka chini, asione pa kuingiza mkono. Koki Mdogo akainuka, akalifunua, akalikunja mkononi, akasogea pembeni ampishe.

Mzee akainama. Vidole viwili na gumba. Akaifunga taratibu mpaka mwisho, akasikiliza.

"Tayari," akasema. "Usiku huu halipotei hata tone."

"Ahsante, baba."

Akamshika mkono, akamrudisha godoroni, akamfunika kwa blanketi lake, lile zito, akalipenyeza chini ya miguu. Mzee akalipapasa kwa furaha, kisha akanyoosha mkono akagusa ukuta kandoni mwake, kama afanyavyo kila akitaka kulala.

"Na wewe kalale," akamwambia mwanawe. "Kesho una kazi."